Mrehani, nanaa na kotmiri bila udongo, kwa mbolea ya asili tupu: lisha bakteria kwanza

Mkulima wa Uani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila baada ya muda humu jukwaani anatokea mtu anauliza: "Nimefunga mabomba ya haidroponiki (kilimo cha maji bila udongo), naweza kutumia supu ya samadi badala ya zile mbolea za paketi A na B?" Mmoja anamjibu "inawezekana", mwingine anamwambia "utaua mimea", uzi unakufa hapo. Wote wawili wamesema nusu. Leo niandike kwa kirefu, ila kwa upande wa viungo vya majani tu: mrehani, nanaa, kotmiri, pasili, rozimeri. Nyanya na hoho zina mambo yake, tusichanganye.

Msingi ni huu. Mbolea ya chumvi ya dukani, mfano kalsiamu naitreti, ikishayeyuka kwenye maji mzizi unaivuta hapohapo. Samadi, unga wa dagaa, damu ya machinjioni, hata mboji ya minyoo, naitrojeni yake nyingi imefungwa ndani ya protini na vitu vingine vya uhai. Lazima bakteria waivunje kwanza iwe amonia. Kisha kundi lingine, Nitrosomonas na wenzake, waigeuze amonia kuwa naitraiti. Kisha kundi la tatu, Nitrobacter na Nitrospira, waifikishe kwenye naitreti, ambayo ndiyo mrehani unaitaka. Shambani kazi yote hii inafanyika ardhini bila wewe kujua. Ukiondoa udongo umewafukuza wapishi, halafu unaleta nyama mbichi mezani na kushangaa mgeni hali.

Kwa hiyo swali la kwanza la mtu anayetaka mbolea ya asili bila udongo si "niweke samadi kiasi gani". Swali ni: bakteria wangu wanakaa wapi, na wanapumua nini? Maana hawa wanaotengeneza naitreti wanahitaji hewa ya oksijeni sana. Wakikosa hewa, wanachukua nafasi wengine wanaoirudisha naitreti kuwa gesi ikapotea angani, na hapo ndipo ndoo inaponuka kama choo.

Ndiyo maana mabomba yale ya maji yanayotiririka siyashauri kabisa kwa anayeanza na mbolea ya asili. Ndani ya bomba hakuna pa kukaa bakteria, matundu ya matone yanazibwa na utelezi, na supu yenyewe inakula oksijeni ambayo mzizi uliihitaji. Mzizi ukikosa hewa, ukungu wa Pythium unaingia, mizizi inakuwa ya kahawia na kuteleza ukiishika, gamba la nje linabaki vidoleni na uzi mwembamba katikati. Ukiona hivyo, huo mche umekwenda.

Njia inayofaa ni kutumia kitu kigumu cha kushika mzizi, chenye nafasi za hewa, na kumwagilia kwa mkono au kwa matone makubwa: kokopiti (unga wa makumbi ya nazi), pumba za mpunga zilizochomwa, pamisi (mawe mepesi ya volkano). Bado ni kilimo bila udongo, ila bakteria wanapata nyumba.

Naendelea chini na kokopiti, maana hapo ndipo watu wa Pwani tuna utajiri tunaouchoma moto.

---

mamaPilau

Nimeweka kambi. Naomba usituache njiani kama wale wa uzi wa kware.

---

Mkulima wa Uani

Hahaa, mama, siendi popote.

KOKOPITI. Haya ni machujo ya makumbi ya nazi, ule unga unaobaki ukishatoa usumba. Mkuranga, Bagamoyo, Tanga, Mafia, makumbi yamelala marundo. Yana sifa nzuri: yanashika maji mengi na bado yanaacha hewa, pH yake (kipimo cha uasidi) kwa kawaida iko kati ya 5.5 na 6.8, na yanaoza polepole.

Ubaya wake ni chumvi. Kokopiti mbichi imejaa potasiamu na sodiamu zilizong'ang'ania kwenye chembe zake. Ukiimwagia mbolea yenye kalsiamu, kokopiti inaikamata kalsiamu na kuachia sodiamu. Mmea unapata chumvi, kalsiamu haioni. Kwa hiyo kuosha kwa maji baridi peke yake kunatoa chumvi iliyo huru tu, ile iliyong'ang'ania inabaki. Utaratibu ni: loweka maji matamu, mwaga, rudia mpaka maji yanayotoka yawe yamepauka. Kisha loweka usiku kucha kwenye maji ya jasi, gramu 2 kwa lita (zaidi ya hapo kidogo tu jasi haiyeyuki tena). Kalsiamu ya jasi inaisukuma sodiamu nje. Asubuhi mwaga, suuza mara moja, umemaliza.

Mchanganyiko ninaotumia: kokopiti sehemu 3, pumba za mpunga zilizochomwa sehemu 1, mboji ya minyoo iliyoiva sehemu 1. Pumba zichomwe ziwe nyeusi, siyo majivu meupe, kisha zioshwe maana zikitoka motoni pH yake iko juu. Mboji ndiyo inayoleta bakteria. Usizidishe ukasema "mboji ni nzuri, niweke nusu kwa nusu". Chumvi inapanda, na chombo kinakuwa tope.

Maranda ya mbao nayaepuka. Yana kaboni nyingi mno na naitrojeni kiduchu, bakteria wakianza kuyala wanainyang'anya mimea naitrojeni yako yote.

---

Mzee wa Makumbi

Nipo Unguja. Nyongeza hapo kwenye makumbi. Huku kina mama wa kamba huyafukia makumbi kwenye matope ya pwani miezi mingi mpaka yalainike, ndipo wayapige watoe usumba. Chicha lake linalobaki mtu anaweza kukupa bure ukashukuru, kumbe limekunywa bahari. Hilo kama huna maji matamu ya kutosha usiliguse. Tafuta makumbi ya nazi za kukwanyua za juzi, yapigwe makavu.

Na mboji ya minyoo wengine hatuna. Samadi ya ng'ombe iliyokaa haifai?

---

Mkulima wa Uani

Asante sana Mzee, hilo la matope ya bahari ni la kuandikwa kwa wino mwekundu.

Samadi inafaa kama imepikwa kweli, siyo iliyokaa tu. Kumbuka kotmiri na nanaa zinaliwa mbichi. Lundo likifika nyuzi joto 55 na kubaki hapo, vimelea vya E. coli na Salmonella hufa. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka lundo la wazi likae kwenye joto hilo siku 15 na kupinduliwa mara 5. Na kwa samadi mbichi wanataka zipite siku 120 kabla ya kuvuna kama sehemu inayoliwa inagusana na udongo. Mrehani wa chombo unavunwa mapema kuliko hapo, kwa hiyo samadi mbichi ifute kichwani. Na kama mtu anapika "chai ya mboji", asitie molasesi. Sukari ile inawanenepesha bakteria wabaya pamoja na wazuri.

Mwagilia chini kwenye shina. Usimwage supu ya mbolea juu ya majani ya kuliwa, hata kama inanukia vizuri namna gani.

---

Bwana Shamba Mstaafu

Mleta uzi una maarifa, sikatai. Lakini niulize kama mtu niliyefanya kazi hii miaka: kwa nini mateso yote haya? Naitreti ya dagaa na naitreti ya kiwandani mmea hauzitofautishi. Kalsiamu naitreti, potasiamu naitreti, magnesiamu salfeti, unapima, unayeyusha, kipimo cha EC (cha wingi wa chumvi kwenye maji) kinakuambia umefika ngapi, kazi imeisha. Vijana wanapenda neno "asili" kuliko wanavyopenda mavuno. Kwa mbolea yako ya dagaa EC itasoma nini? Haitasoma kitu cha maana.

---

Mkulima wa Uani

Mzee wangu, shikamoo. Hapo kwenye EC umepiga penyewe na nilitaka kufika huko.

Kipimo cha EC kinapima chumvi zilizoachana ndani ya maji. Protini ya dagaa iliyoelea ndani ya ndoo ninayotengenezea mbolea haina chaji ya kutosha kuonekana, kwa hiyo ndoo tajiri inasoma maskini. Kinyume chake, dagaa wa chumvi wanasoma juu sana na chakula hakuna, ni sodiamu na kloraidi. Namba za kwenye vitabu, kwamba mrehani unataka EC 1.0 hadi 1.6, ni za mbolea za chumvi. Ukizifuata kwa mbolea ya asili utalisha kupita kiasi mwanzoni, na wiki mbili baadaye bakteria wakishafungua vile vifurushi vyote kwa pamoja, majani yanaungua kingo.

Mmea hautofautishi, ni kweli tupu, na sitamwambia mtu kwamba mrehani wa dagaa una roho ya peke yake. Mtu mwenye mabomba, umeme wa uhakika na soko la kilo nyingi, atumie chumvi zake alale. Uzi huu ni wa mwenye vyombo vichache uani au juu ya paa, ana taka za jikoni na za sokoni zinazomsumbua, na mfuko wa mbolea ya paketi kwake ni wa kusafirishwa kutoka mbali. Huyo akijua kuifanya taka iwe naitreti, amejitegemea.

Kuhusu kipimo: badala ya EC, nunua vile vikaratasi vya wafuga samaki wa mapambo vinavyobadilika rangi. Vinaonyesha naitraiti na naitreti. Utaona kwa macho ndoo imefika hatua gani.

---

Kilifi254

Hii ni noma. Huku Kenya wakulima wa maua Naivasha wanatumia pamisi na kokopiti kitambo, lakini wote ni mbolea za chumvi. Sasa tuelezee hiyo ndoo ya dagaa hatua kwa hatua, usituruke. Mimi nakuza dhania na minti kwa balkoni.

---

Mkulima wa Uani

NDOO. Twende.

Wazo hili si langu. Mtafiti wa Japani, Makoto Shinohara, na wenzake walilichapisha mwaka 2011: ukitia kwenye maji mboji ya magome kidogo kama mbegu ya bakteria, ukapuliza hewa, ukatia mbolea ya samaki kidogo kidogo, naitrojeni karibu yote inageuka naitreti palepale ndani ya maji. Zamani watu walishindwa kwa sababu walikuwa wanamwaga chakula chote siku moja. Bakteria wa kuoza wanashangilia, wanamaliza oksijeni, na wale wa naitreti, ambao huzaliana taratibu sana, wanakufa kabla hawajaanza.

Chukua ndoo ya lita 20. Jaza maji, kama ni ya bomba yaache wazi usiku kucha klorini itoke. Funga gramu 100 za mboji iliyoiva kwenye soksi kuukuu au kipande cha chandarua, tumbukiza. Weka pampu ndogo ya tangi la samaki ipulize usiku na mchana. Umeme ukikatika saa chache siyo msiba, koroga kwa mti kila ukipita.

Chakula: unga wa dagaa, nusu kijiko cha chai kwa siku, kwa wiki mbili hivi. Jumla itakuja kama gramu 20. Hesabu yake iko hivi: dagaa wakavu wana protini karibu asilimia 60. Gawa kwa 6.25, unapata naitrojeni asilimia 9.6. Gramu moja kwenye lita moja ni miligramu 96 za naitrojeni, na viungo vya majani vinastawi vizuri kwenye kiwango cha miligramu 100 hivi kwa lita. Kwa hiyo gramu 1 kwa lita, hesabu ya kukumbuka.

Dagaa gani? Wa Mwanza, wale wa ziwani wanaoanikwa juani bila chumvi. Dagaa wa baharini wengi huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, hao waache kwenye sahani. Dagaa la kuku kwenye maduka ya vyakula vya mifugo linafaa sana na ni rahisi, ila lipepete, mchanga humo haukosekani.

Utakachokiona: siku za kwanza povu na harufu kali, hiyo ni amonia. Baadaye kikaratasi cha naitraiti kinageuka waridi iliyokolea, hapo USIMWAGILIE, naitraiti inaumiza mizizi. Kisha waridi inafifia na upande wa naitreti unakolea. Harufu nayo inageuka, unanusa ndoo unapata kitu kama ardhi baada ya mvua ya kwanza. Kwa joto la Dar au Mombasa, wiki mbili hadi tatu. Lushoto au Njombe ongeza muda, bakteria hawa wanapenda nyuzi 25 hadi 30.

Jambo moja wengi hawalijui: kugeuza amonia kuwa naitreti kunazalisha asidi. pH ya ndoo inashuka, na ikishuka chini ya 6 bakteria wanazorota, kazi inasimama katikati. Tia kijiko cha maganda ya mayai yaliyosagwa au chokaa ya kilimo ndani ya ile soksi. Inayeyuka yenyewe pale asidi inapohitaji, na inaongeza kalsiamu.

Ikiwa tayari, chota theluthi mbili umwagilie. Theluthi inayobaki ndiyo chachu ya ndoo inayofuata, jaza maji, endelea kulisha. Mara hii husubiri tena wiki tatu, bakteria wapo tayari kazini.

---

Kilifi254

Potasiamu je? Samaki haina potasiamu ya maana.

---

Mkulima wa Uani

Uko makini. Kokopiti inaanza na potasiamu nyingi, na ingawa kuosha kunaondoa sehemu yake, zao la muda mfupi kwa kawaida halihangaiki. Kwa nanaa inayokaa muda mrefu, majivu ya maganda ya ndizi, kiasi kinachobanwa na vidole viwili juu ya chombo kisha maji. Majivu yanapandisha pH haraka kwa hiyo mkono uwe mwepesi. Fosforasi iko kwenye mifupa ya dagaa wenyewe. Magnesiamu ikikosekana (majani ya chini yanapauka katikati ya mishipa, mishipa inabaki kijani), chumvi ya Epsom ya duka la dawa inatosha.

---

Dada wa Kigamboni

Mimi mrehani wangu umekuwa wa njano, nimeufuata mchanganyiko kama huu wa kokopiti na mboji. Nimeongeza mbolea ndiyo kwanza unazidi. Nimechoka.

---

Mkulima wa Uani

Pole dada. Njano ziko za aina nyingi, usiongeze kitu kwanza. Niambie: ni majani ya chini au ya juu? Na ukigeuza jani, chini kuna nini?

---

Dada wa Kigamboni

Ya katikati na ya chini. Njano ipo kama vipande, imekatwa na mishipa. Nimegeuza sasa hivi, kuna kama vumbi la kijivu hivi, lina uzambarau. Nilidhani ni uchafu wa barabarani.

---

Bwana Shamba Mstaafu

Huo ni ukungu wa mrehani, Peronospora belbahrii. Siyo mbolea, mwanangu. Na ni mwenyeji wetu: uliripotiwa kwa mara ya kwanza Uganda miaka ya 1930, ukakaa kimya, ukaja kulipuka Ulaya kuanzia 2001 na Florida mwaka 2007. Ulisambaa sana kwa njia ya mbegu.

Hiyo mimea ing'oe yote, uifunge kwenye mfuko mchana ikiwa mikavu, isipukutishe vumbi. Usipande mrehani hapo kwa sasa, panda nanaa, haushambuliwi na ukungu huu. Ukirudi kwenye mrehani, mwagilia asubuhi, chini, acha nafasi upepo upite. Ukungu huu unahitaji jani lililolala na maji usiku.

---

Dada wa Kigamboni

Mimi huwa nanyunyizia jioni nikirudi kazini. Basi ndiyo hiyo. Asante baba.

---

Mkulima wa Uani

Hapa ndipo ninapompendea Bwana Shamba. Dada, kivumbasi cha kwenu nyumbani kiangalie pia, ni ndugu wa mrehani.

Kwa faida ya wengine: njano inayoanzia majani ya chini na kulifunika jani zima ni njaa ya naitrojeni, ndoo yako haijaiva. Njano ya majani machanga ya juu, mishipa ikibaki kijani, ni chuma hakipatikani kwa sababu pH imepanda, angalia majivu na pumba ulizochoma. Njano yenye vumbi chini ndiyo hiyo aliyosema mzee.

---

Mtoto wa Muscat

Assalaam alaykum jamaa. Niko Oman, na nimejaribu kotmiri kwenye kokopiti kibarazani. Kuanzia mwezi wa nne inachanua ikiwa na vijani vinne tu. Mrehani unaendelea. Kuna dawa?

---

Mkulima wa Uani

Wa alaykum salaam. Kotmiri haina dawa ya joto, ndugu yangu. Ikiona joto na siku ndefu inakimbilia mbegu. Huko kwenu panda kuanzia mwezi wa kumi hadi wa pili, kiangazi waachie mrehani. Hata Dar, Desemba hadi Machi ni kuhangaika bure, nzuri ni Juni hadi Agosti.

Na usiiatike kitaluni ukahamisha, ina mzizi mkuu mmoja, ukiuvunja inaharakisha kuchanua. Panda palepale. Punje ile ya giligilani ni mbegu mbili zilizoshikana, isugue kwa chini ya chupa igawanyike, iloweke usiku mmoja.

Joto la kwenu linanipa neno jingine. Maji ya nyuzi 20 yanabeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 ni 7.5. Na bakteria kwenye joto wanakula oksijeni haraka zaidi. Kwa hiyo ndoo ya dagaa Muscat mwezi wa saba iingie ndani ya nyumba, na vyombo uvipake rangi nyeupe.

---

mamaPilau

Swali la biashara. Nimeongea na jamaa wa supamaketi, anataka niandike "organic" kwenye kifungashio. Nikifuata haya naruhusiwa?

---

Mkulima wa Uani

Mama, hapa kaa chini kidogo.

Kutumia mbolea ya asili na kuthibitishwa kuwa kilimo hai ni vitu viwili. Ulaya, kanuni yao namba 2018/848, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, inataka mmea uote kwenye udongo ulio hai uliounganika na ardhi ya chini. Kilimo bila udongo hakipati hadhi hiyo hata ukitumia mboji ya peponi. Lakini wameacha mlango mmoja, na unatuhusu sisi wa viungo: mimea ya viungo inayouzwa ikiwa ndani ya chungu chake, mteja akaondoka nacho, inaruhusiwa. Majani yaliyokatwa hapana.

Marekani ni tofauti, wanathibitisha haidroponiki. Wakulima wa udongo walikwenda mahakamani kupinga, wakashindwa, na mahakama ya rufaa ikakazia mwaka 2022. Kanada wanakataa. Unaona hata wakubwa hawajakubaliana.

Kwetu alama ya kilimo hai ya Afrika Mashariki ni Kilimohai, na hiyo hupati kwa kujiandikia, kuna ukaguzi. Mpaka upitie huko, andika kitu unachoweza kukithibitisha mbele ya mteja: "Imekuzwa kwenye kokopiti kwa mboji na samaki, bila dawa." Inauza vilevile, na hakuna wa kukufuata.

---

Jirani Mwema

Na mkojo? Nasikia una naitrojeni balaa.

---

Mkulima wa Uani

Unayo, kitaalamu haina ubishi. Ila siku meneja wa hoteli akijua, hiyo nanaa utainywa mwenyewe.

---

Mzee wa Makumbi

😂😂 Hapo umenimaliza.

Mimi tatizo langu ni vijinzi vyeusi, vidogo, vinaruka juu ya vyombo kila nikimwagilia. Mwenye hoteli aliviona kwenye nanaa akanirudishia mzigo.

---

Mkulima wa Uani

Hao wanazaliana kwenye tabaka la juu likiwa limelowa muda wote, na kwa vile tunatumia mboji wanapata chakula tele. Funza wake wanakula mizizi midogo. Acha juu pakauke kabla ya kumwagilia tena, tandaza sentimita mbili za pumba za mpunga au mchanga mkavu, na weka maji kupitia sahani ya chini kwa wiki mbili. Wakishindwa hapo, tafuta dawa ya bakteria wa Bti, ileile inayotumika kuua viluwiluwi vya mbu, mwaga kwenye chombo. Haidhuru mtu wala nyuki.

Nanaa ivune asubuhi, kata shina zima juu ya pingili, tikisa, chovya kwenye maji baridi kabla ya kufunga. Kijinzi hakisafiri.

---

mamaPilau

La mwisho kwangu. Nina kibaraza cha jikoni, jua linaingia kwa muda wa saa mbili tu asubuhi. Nianze na kipi? Nilitaka rozimeri na mrehani.

---

Mkulima wa Uani

Kwa jua la muda wa saa mbili rozimeri haiwezi, na kwenye mchanganyiko wetu huu itaoza miguu, yenyewe inataka kokopiti kidogo na pamisi au changarawe nyingi, maji kwa nadra, mbolea nusu. Mrehani unataka jua kwa muda wa saa sita kwa siku. Hapo kwako anza na nanaa, na pasili pembeni. Pasili usikate tamaa, mbegu yake inachukua wiki mbili hadi nne kuchomoza.

Nanaa usinunue mbegu. Nenda sokoni, chagua fungu lenye mashina manene, kata chini ya pingili, weka kwenye glasi ya maji dirishani mpaka mizizi ifike urefu wa kidole, hamishia kwenye kokopiti. Chombo kiwe kipana kuliko kina, nanaa inatambaa. Ndoo ya dagaa ianzishe leoleo unapoweka shina kwenye glasi, vitakuwa tayari karibu wakati mmoja.

---

mamaPilau

Dagaa wapo, soksi ipo, pampu naagiza Kariakoo kesho. Mume akiuliza harufu nitamwelekeza kwenye huu uzi.